Kabla hamjamkamata baba wa kambo, pimeni damu

Mhariri,

Mimi ni fundi wa nyavu hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, na ni baba wa kambo. Hilo la pili ndilo lililonifikisha polisi.

Mwaka jana mwalimu wa chekechea alimvua mtoto wetu shati lililomwagikiwa uji, akaona damu imevilia mbavuni na goti limevimba kama papai. Akamwambia mtendaji wa mtaa. Simlaumu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka sote tutoe taarifa, na watoto wanaopigwa kweli wapo, hata mtaani kwetu. Lakini askari aliniuliza nampiga kwa mkono au kwa mkanda. Kama nampiga, hilo hakuliuliza. Mke wangu akageuka kunitazama. Jicho lile bado ninalo.

Wiki hiyohiyo mtoto alichomwa sindano ya maumivu pajani, paja likajaa damu. Nalo nikaandikiwa mimi!

Kilichoniokoa ni PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha aliyoyaona. Daktari aliyekuja kuijaza, kijana mdogo tu, aliweka kalamu chini akamuuliza mama: "Kwenu kuna mwanaume aliyekuwa akitoka damu isikatike?" Akakumbuka. Kaka yake alifia Kasulu akiwa mdogo, baada ya kung'olewa jino. Ukoo ukasema karogwa. Na huyu wetu alipotahiriwa alivuja damu siku tatu, tukamsema ngariba wa watu.

Damu ikapelekwa Muhimbili. Jibu likaja: hemofilia. Amezaliwa na upungufu wa protini ya kugandisha damu, ile wanayoiita fakta 8. Mama huibeba kasoro hiyo mara nyingi bila kuumwa, mtoto wa kiume ndiye anayeteseka. Ukimnyanyua kwa kumshika mbavu tu, vidole vyako vinabaki pale. Goti nalo huvujia kwa ndani, hata bila kuanguka.

Ninachoomba ni kidogo. Anayempokea mtoto mwenye alama hizo aulize habari za tohara na za wajomba, na damu ipimwe inavyoganda, kabla jina la mtu halijafika sokoni. Wakati huo mtoto alindwe. Akikaa kwa bibi yake, sina neno.

Mwalimu alikuja nyumbani kuniomba radhi. Nilimwambia akiona tena mwili wa mtoto umevilia damu, aende kwa mtendaji vilevile.

Baba wa kambo,
Kigoma