Barua kwa mwalimu mwenzangu kuhusu mwaka wa kwanza wa uhuru wa Burma

Kwako rafiki yangu na mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, hofu ni kwenu. Barua yako nimeipata na kuisoma yote, ila kuna jambo moja limenikaa rohoni. Umesema kwamba vijana wako wakiuliza kwa nini Burma, yaani Myanmar ya leo, iliwaka moto mwaka uleule iliopata uhuru, unawajibu kuwa watu wale hawakuwa tayari kujitawala. Ndugu yangu, hilo nalikataa kwa moyo wote.

Anza na Julai 1947. Aung San, kiongozi wa harakati za uhuru wa Burma, alikuwa na miaka 32. Januari mwaka ule alikwenda London akakubaliana na Waziri Mkuu wa Uingereza, Attlee, kuhusu uhuru, na Februari akatia saini mapatano ya Panglong, ya kuungana katika nchi moja, pamoja na viongozi wa makabila ya Washan, Wakachin na Wachin wa milimani. Tarehe 19 Julai, akiwa kwenye kikao cha baraza mjini Rangoon, wenye bunduki waliingia wakamuua pamoja na mawaziri wenzake sita. Na tazama waliouawa ni akina nani. Sao San Tun alikuwa mtawala wa Kishan, Mahn Ba Khaing alikuwa wa kabila la Wakaren, Abdul Razak alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Kihindi. Hao ndio watu waliokwisha kujifunza kukaa meza moja. Aliyewatuma wauaji, U Saw, alikuwa amewahi kuwa waziri mkuu chini ya Waingereza. Alinyongwa Mei 1948, lakini pengo halikuzibika.

Kazi ikamwangukia U Nu, aliyekuwa waziri mkuu. Uhuru ulitangazwa tarehe 4 Januari 1948, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, wakati uliochaguliwa na wanajimu. Rais wa kwanza alikuwa Sao Shwe Thaik, Mshan, wala si Mbamar wa kabila kubwa. Jumuiya ya Madola hawakuitaka. Aprili wakaingia Umoja wa Mataifa. Je, hao ni watu wasiojua wanachokitaka?

Lakini kabla ya Aprili kufika, mwishoni mwa Machi, Wakomunisti walikuwa wameshaingia msituni wakiongozwa na Than Tun. Huyu alikuwa mwanyumba wake Aung San, maana walioa ndugu wawili. Katikati ya mwaka sehemu ya wapiganaji wa zamani wa Aung San nao wakaasi, na Agosti baadhi ya vikosi vya jeshi vikafuata.

Bunduki zote hizo zilitoka wapi? Hapo ndipo ningependa darasa lako likae sana. Wajapani walipoingia mwaka 1942 waliwapa silaha vijana wa Kibamar waliotaka kumng'oa Mwingereza. Waingereza nao wakawapa silaha Wakaren na Wakachin wapigane na Mjapani. Kisha majeshi ya Mwingereza yakarudi, nao vijana wetu wa KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, wakiwemo, babu yako mmojawapo, wakashuka bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Vita vikaisha, silaha zikabaki vijijini. Wakoloni walikuwa wameliunda jeshi kwa makabila tangu zamani, na Mbamar hawakumwamini kushika bunduki. Serikali changa ikarithi jeshi la namna hiyo.

Yaliyowapata Wakaren ndiyo yanayoniuma zaidi. Mwaka 1942, huko Myaungmya kwenye delta ya Irrawaddy, jeshi la vijana wa Kibamar liliua wanavijiji wa Kikaren. Sasa mtu aliyeona hayo unamwambiaje miaka sita baadaye akabidhi usalama wake kwa serikali iliyojaa wapiganaji walewale? Panglong walikwenda kama watazamaji tu. Februari 1948 waliandamana kwa amani, maelfu kwa maelfu, wakidai jimbo lao. Kamanda mkuu wa jeshi, Smith Dun, alikuwa Mkaren mwenzao, naye aliendelea kuitumikia serikali. Bado palikuwa na nafasi ya kuelewana, naamini hivyo. Kisha ukaja mkesha wa Krismasi, na huko kusini, Palaw, polisi wasaidizi wakawaua Wakaren waliokuwa kanisani. Tarehe 31 Januari 1949 mapigano yakafika Insein, kando kabisa ya Rangoon. Smith Dun akaondolewa, cheo chake akapewa Ne Win. Huyu ndiye aliyekuja kuipindua serikali mwaka 1962.

Hata hivyo serikali ya U Nu haikuanguka. Mji wa Mandalay ulitekwa na waasi, ukarudishwa, na mwaka 1951 wakaanza uchaguzi. Nchi isiyo tayari kujitawala isingevuka mwaka kama ule.

Basi nakuomba, utakaporudi kwenye somo hilo, waandikie vijana majina ya mawaziri wale ubaoni kabla hujataja vita. Na kama mama yako bado ana karatasi za jeshi za babu, mwombe akuruhusu uzipige picha unitumie. Natamani kujua alikuwa kikosi gani.

Nisalimie nyumbani wote, wakubwa kwa wadogo.

Wasalaam,
Ni mimi rafiki yako