Kabla hujaziacha hizo dawa

Shoga yangu,

Salamu zote, za wakubwa na za watoto, zipokee kwa mkupuo mmoja maana nina haraka. Sisi hatujambo. Mama Nuru kajifungua salama, wa kiume, na vita vya jina vimeshaanza. Hayo tutayaongea siku nyingine.

Kilichonikalisha kuandika ni maneno ya Mama Rehema. Kanipigia juzi usiku kunieleza kwamba umepata mwalimu wa kupumua, kwamba siku ya kwanza tu ulitoka pale mwepesi, nyonga kimya mpaka jioni, na kwamba sasa unataka kuziacha dawa zote. Zote, hata ile ya usiku! Ningekupigia simu, ila wewe ukianza kucheka mimi husahau nilichotaka kusema, nawe unalijua hilo na unalitumia.

Usinielewe vibaya, mimi si adui wa pumzi. Madaktari husema maumivu yakizidi miezi 3 ni sugu, na mgongo wangu uliupita mpaka huo zamani, wewe ni shahidi. Kama kuna kitu kimenirudishia angalau nusu ya nguvu zangu, ni kupumua. Lakini nilichofundishwa na yule dada wa mazoezi ya viungo na hicho unachofundishwa wewe naona ni vitu viwili tofauti kabisa.

Changu hakina mbwembwe. Nalala chali, magoti nimeyakunja, mkono mmoja kifuani na mwingine juu ya kitovu. Navuta pumzi kwa pua nikihesabu hadi 4, na mkono wa tumboni ndio unaopaswa kuinuka, wa kifuani utulie. Kisha natoa hadi 6, midomo nimeibana kidogo kama anayepoza kinywaji cha moto. Basi. Ukipiga hesabu ni pumzi kama 6 kwa dakika, wakati mtu mzima akiwa ametulia huvuta 12 hadi 20. Mwanzoni mkono wangu wa kifuani ndio uliokuwa ukipanda kila mara, wa tumboni umelala tu. Yule dada akaniambia nijichunguze ninapoinuka kitandani. Kweli, nilikuwa naibana pumzi kabla hata sijasogea! Mwenye maumivu hujikaza akisubiri yaje, mabega yanapanda masikioni, misuli ya shingo inafanya kazi ya kiwambo cha chini ya mapafu, na ikifika jioni umechoka kama uliyebeba mizigo ilhali hukufanya lolote. Uchovu mwingine tunaoulalamikia unatoka hapo hapo.

Halafu kuna moyo. Ukivuta pumzi moyo huenda mbio kidogo, ukitoa hupunguza mwendo, na kazi hiyo hupitia neva ya vagasi, ile inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi tumboni. Ndiyo maana mkazo uko kwenye kutoa, si kwenye kuvuta. Mwili unapata habari kwamba hakuna hatari, misuli inalegea, na maumivu yanapungua makali. Nimesema yanapungua. Usije ukanijibu kwamba nasema maumivu yako ni ya kufikirika. Tangu mwaka 1965 watafiti wa maumivu, Melzack na Wall, walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo taarifa za maumivu zinaweza kuzuiwa au kuachiwa zipite, na ubongo una sauti katika hilo. Nyonga yako inauma kweli. Hakuna pumzi itakayoutengeneza mfupa.

Sasa ule wepesi wako. Mama Rehema anasema mnapumua kwa kasi na kwa nguvu, muda mrefu, mpaka vidole vinafanya ganzi na kichwa kinaelea, na mwalimu anawaambia hiyo ndiyo oksijeni inaingia mwilini. Siyo. Damu ya mtu mwenye mapafu mazima tayari imejaa oksijeni karibu yote inayoweza kubeba. Ukipumua hivyo unachofanya ni kuipunguza mno kaboni dioksidi, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, na ndiyo hiyo ganzi, ndicho hicho kizunguzungu. Wapo wanaoyapenda mazoezi hayo, na wenye afya zao wengine hawadhuriki. Lakini wewe una presha! Alikuuliza? Na wakikwambia uyafanye ndani ya maji, hata beseni la kuogea, toka hapo hapo. Mtu anaweza kuzirai bila dalili yoyote, na aliyezirai majini anazama.

Kinachoniudhi zaidi ni ile kauli yao kwamba maumivu ni hasira uliyoimeza na hukutaka kuitoa. Kwa hiyo yasipoondoka, kosa ni la mgonjwa, si ndiyo? Hakupumua kwa moyo safi! Nimeisikia kauli hiyo kwingine pia na... basi, niache, nisije nikaandika nitakayoyajutia.

Na kwa nini mjilazimishe hivyo? Kuna utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2012, watu 16 wenye afya walipimwa kwa joto na baridi kwenye ngozi. Pumzi ndefu za taratibu ziliwachelewesha kuhisi maumivu pale walipozifanya kwa kulegea. Walipotakiwa kufuatisha mwendo kwa umakini, hazikusaidia. Watu 16 si wengi, na hawakuwa na nyonga kama yako, lakini nilicheka, kwa sababu ninapokaza uso nikitaka mgongo uache kuuma sasa hivi, hauachi.

Nirudi kwenye dawa, maana ndiyo hasa iliyonikosesha raha. Ile ya usiku, kama ni ya neva, tuseme gabapentin, haikatwi ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo, na anayepanga ni daktari, si mwalimu wa kupumua wala mimi. Ukiikata kwa siku moja unaweza kukosa usingizi, kutoka jasho, kuwa na wasiwasi usio na sababu, wengine hata kupata degedege. Halafu utadhani ni maumivu yamerudi kwa hasira! Ukipata nafuu, mweleze daktari umepata nafuu, mpunguze pamoja. Na siku ya nafuu tafadhali usiende kufua mashuka yote ya nyumba. Nakujua. Siku moja ya ushujaa, kisha kitanda. Fanya nusu, ukae, upumue, umalizie kesho, au amalizie yule kijana wako mwenye mikono mizima.

Jingine la haraka: ukihisi ganzi sehemu za siri au kwenye makalio, au mkojo ukaanza kukusumbua, hospitali siku hiyo hiyo. Hapo hakuna cha kuhesabu hadi 6.

Sasa nijibu. Huyo mwalimu amesomea nini? Anajua una presha, na ulipima lini mara ya mwisho? Usiku unalala, au bado unazunguka sebuleni? Unapoinuka kwenye kiti, unabana pumzi? Hebu jichunguze leo. Mumeo anasemaje, au hujamwambia? Umeshaacha kumeza, au bado ni mpango tu? Kama umeshaacha niambie ukweli, sitagomba. Nitagomba kidogo. Na nitumie picha ya boksi la ile dawa ya usiku, upande wenye jina na kipimo, kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo nina miadi kliniki na nitamuuliza mfamasia wao. Mpaka hapo endelea kuimeza.

Ni mimi shoga yako,
Mama Tatu