Gemu za vita vya sasa, kosa liko wapi?

Mhariri, heshima yako.

Kuna watu wanasema gemu za mikakati ziishie kwenye vita vya zamani, zile nchi ambazo watu bado wanazika zisiguswe. Mi sikubaliani nao.

Chukua Endgame: Syria, ilitoka mwisho wa 2012, Waingereza ndo waliitengeneza wakati Aleppo, mji wa Syria, bado inapigwa mabomu. Unacheza upande wa waasi, unatafuta wa kukuunga mkono, unapeleka wapiganaji, halafu ikija ofa ya amani unaamua mwenyewe upokee au uendelee kupigana huku raia wanaisha. Januari 2013 Apple wakaikataa kwenye duka lao la programu za simu kwa vile adui ndani yake ni serikali ya kweli, basi watengenezaji wakafuta majina ya kweli wakaitoa kwa jina la Endgame: Eurasia. Sasa hapo imesaidia nini? Mabomu yakiangukia nchi ya kubuni sawa tu, ikitajwa Syria ndo nongwa!

Kinachonikera mimi ni zile gemu ambazo raia hawamo kabisa, ramani na vifaru basi, unateka mji kama unakula kete za bao. Nina mashemeji Goma, Kongo, waasi wa M23 walivyoingia Januari 2025 maji yalikatika, umeme ukakatika, watu wanakimbia na magodoro kichwani, mtu akitaka kutengeneza gemu ya huko aweke na hayo.

Na nyie gazetini mkiandika habari za gemu mtuambie raia wamo au hawamo, msitusifie picha kali tu.

Msomaji wenu,
Kigoma