Zakumi hauzwi

Lubumbashi, Jumapili jioni

Mama Mapasa mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kolwezi, wewe na baba watoto na mapasa wetu wawili, mapacha wetu. Sisi tuko salama. Mvua imeanza, na avenyu yetu hapa Kenya, komuni yetu ya Lubumbashi, ni matope mlango hadi mlango.

Nakuandikia habari za Zakumi, yule mwanasesere wetu wa chui wa Kombe la Dunia. Wiki jana nilifungua sanduku la bati la marehemu baba nikitafuta karatasi za parsela, za kiwanja chetu, nikamkuta chini kabisa, amefungwa ndani ya kitenge cha mama. Nywele zake za kijani zimepauka, kaptura imetoboka nyuma, lakini madoa yote yapo, na ukimsogeza puani bado ananuka mazuti ya lori. Nikakaa sakafuni naye, karatasi nikazisahau.

Unakumbuka siku baba alipomleta? Lori la baba lilikuwa limelala siku nne kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, na sisi tulikuwa tunachungulia barabarani kila jioni. Wewe ndiye uliyesoma jina lake kwa sauti, ukauliza, "Za kumi? Za kumi nini?" Baba akacheka mpaka akaweka sahani ya bukari chini. Akatueleza kwamba ZA ni zile herufi zinazobandikwa nyuma ya malori ya Afrika Kusini, na kumi ni kumi hii hii yetu, kwa sababu ya mwaka 2010. Kombe la Dunia la kwanza kuchezwa Afrika, na jina la mnyama wake watoto wa Kenya wanalielewa bila mkalimani! Tena ni chui, kama yule aliyekuwa kifuani mwa jezi za kijani za Zaire, nchi yetu hii ya Kongo, mwaka 1974. Tuliamini kabisa kwamba wamemwazima kutoka kwetu.

Jambo moja baba aliniambia baadaye, nilipokua. Zakumi alipewa siku ya kuzaliwa, tarehe 16 Juni 1994. Mwaka huo ndio Waafrika Kusini weusi walipiga kura kwa mara ya kwanza, na 16 Juni ni siku ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976. Tangu aniambie, siwezi kumshika kama mwanasesere wa kuchezea tu.

Sasa sikiliza. Habari zikamfikia bwana mmoja wa mjini anayekusanya vinyago vya mashindano. Ana Footix, jogoo wa Ufaransa wa 1998, ana Zabivaka, mbwamwitu wa Urusi wa 2018. Akaja nyumbani, akamgeuzageuza Zakumi, akatafuta kitambulisho kilichoshonwa ubavuni, akakiona. Akasema dola 40. Kisha akaliona sikio la kushoto, lile lililoshonwa kwa uzi mweusi, akashuka mpaka 25.

Hapo ndipo nilipomnyang'anya.

Sikio lile ni 14 Desemba 2010, Mama Mapasa! Mazembe na Internacional ya Brazil, kule Abu Dhabi. Nyumba imejaa hadi dirishani, watoto wamekaa juu ya watoto. Kabangu alipofunga, nilikushika mkono. Kaluyituka alipofunga la pili, ukamrusha Zakumi juu, akanasa kwenye msumari wa bati, na Kidiaba, kipa wetu, yuko kwenye televisheni anaruka kwa makalio golini. Timu ya Lubumbashi imeingia fainali ya Kombe la Dunia la klabu, klabu ya kwanza ya Afrika kufika pale, na wewe unalia kwa sababu ya sikio. Mama akalishona usiku ule ule kwa mshumaa, maana umeme ulikatika filimbi ilipolia tu. Mishono yake ni saba. Nimeihesabu tena leo. Sina kitu kingine kilichoshonwa kwa mkono wake.

Basi nimekata shauri aje kwako. Mimi sina mtoto bado, na sandukuni ataliwa na nondo. Mdogo wangu anapanda basi Jumamosi, atakuletea ndani ya mfuko mweusi pamoja na unga kidogo. Mfue kwa maji baridi, umwanike kivulini. Kaptura unaweza kuitia kiraka. Sikio usiliguse, hata uzi ukilegea. Niambie, nitakuja mwenyewe.

Mapasa ni wawili na chui ni mmoja, najua. Usiku wa kwanza alale katikati yao.

Ni mimi dada yako wa Kenya