Barua kwa mwanangu: toa, lakini usikope

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila presha yangu imepanda, na wewe ndiwe uliyeipandisha.

Juzi baada ya alasiri nilipigiwa simu na nambari nisiyoijua. Msichana, sauti tamu, akanitaja jina langu lote, kisha akauliza kama nakufahamu. Nikadhani ajali. Kumbe anakudai! Mkopo wa simu umepitisha siku zake, ati mimi nikushauri ulipe. Ami yako asema kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza watu hao kuchukua majina kwenye simu ya mdaiwa na kusumbua jamaa zake. Haya, hilo atalifuata yeye, mambo ya ofisi anayaweza. Mimi kilichoniuma si yule msichana.

Kilichoniuma ni jibu lako. Hukukopa kwa kodi ya nyumba wala kwa maradhi. Umekopa uchangie matanga ya mamake mwenzako wa kazini. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wewe umekopa kwa matanga kabisa, kulipa kwako sijui kutaitwa nini.

Usikope ili utoe. Nakwambia leo na nitakwambia tena kabla sijaikunja barua hii.

Hayo magrupu ya michango nayajua, hata sisi wa darsa tunalo. Kila anayetuma, orodha inaandikwa upya, jina na kiasi, na wa mia mbili anajiona uchi mbele ya wa elfu tano. Basi mtu hutuma kwa kuiogopa orodha. Wewe tuma mia mbili yako ulale. Huna hata hiyo, nenda ukakae na mfiwa, umsaidie kupanga viti na kuosha sufuria. Matangani mikono ndiyo hupungua.

Ukanijibu, "Mama, nimejifunza kwako." Wallahi sikulala.

Uliona bakuli zikienda ghorofani. Uliona mpira wa maji ukitolewa dirishani saa nane za usiku, majirani wajaze madumu yao. Hukuona kuwa mpira hautoki mpaka tangi letu lifike kwenye ule mstari nilioupaka kwa rangi ya kucha. Na mahamri ya bibi wa juu nilikuwa nikiyatenga mapema, donge likiwa bado kibaoni: ya kuuza huku, yenu huku, yake pembeni. Unga ukiwa mwingi alipata sita. Ukiwa haba alipata moja na nusu, ile nusu nimeikata kwa kisu, na hakuwahi kununa.

Wewe ulimtazama zaidi marehemu baba yako, Mungu amrehemu. Alikuwa mkarimu, mtaa mzima wa Majengo ukwambie. Mgeni haondoki bila kula. Lakini mchele ule ulitoka dukani kwa kuandikwa, na lile daftari nililimaliza mimi kwa mahamri, wewe ukidhani pesa zinaenda kwenye sare za shule. Sikutaka jina lake lipungue mbele yako. Labda ningekuonyesha daftari. Basi, yamepita.

Hata dini imeweka kipimo. Zaka ni fungu moja katika arobaini, na haimfikii mtu mpaka mali yake itimize nisabu, kile kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na ipitiwe na mwaka. Zaka ya Fitri, ya kumalizia Ramadhani, ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, kwa mwenye kubakiwa baada ya chakula cha siku ile. Na katika mafungu manane ya wanaopewa zaka, yaliyotajwa katika Sura Tawba, limo la wenye madeni. Unataka Ramadhani ikifika nikuletee wewe?

Sisemi uwe bahili. Mjomba wako kaniambia unamnunulia vitabu mtoto wa mlinzi wenu, na hukumtangazia mtu. Nilifurahi hadi nikaunguza mbaazi. Hilo endelea nalo, mradi litoke mfukoni mwako. Ila shangazi yako aliyekuuguza ulipovunjika mguu hujampigia tangu Idi. Salamu nazo zina gharama?

Huku maji bado ni mtihani. Mwenye mkokoteni ameongeza bei ya dumu, nami nikikasirika namlipa. Bati la jikoni limeanza kuvuja. Usitume pesa ya bati! Nakujua, ukisoma hapa mkono utakwenda kwenye simu. Lipa kwanza, ukimaliza unitumie ile meseji ya mkopo kulipwa niisome mwenyewe kwa miwani yangu. Usikope hapa ukalipe pale, wala usikope uniletee mimi.

Ami yako anapanda treni Miritini Alhamisi. Nimempa achari ya embe na mahamri, mbaazi zingechacha njiani. Yagawe na huyo mwenzako mfiwa. Kopo la achari lirudi, ni la seti.

Na unipe vipimo vya mabega kabla ya mwisho wa mwezi. Fundi wa Kibokoni asema Shaabani ikianza hapokei kanzu ya mtu, hata akiwa mwana wa nani.

Mamako