Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, Watanzania wenzangu tunaoishi Nairobi,

Wazee wetu, shikamooni. Wengine wote, habari za siku nyingi. Hesabu za chama ziko kwa mhazini na atazisoma mwenyewe, kwa hiyo sitazigusa ila pale nitakapohitaji kuomba.

Kwenye faili la kamati kuna karatasi moja ambayo si risiti wala muhtasari wa kikao. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mtoto wa miaka mitano. Kachora duara kubwa, kalipaka rangi nyekundu mpaka karatasi ikatoboka, juu kaweka kikonyo cha kijani. Pembeni mwalimu kaweka alama ya kosa. Alichoambiwa kilikuwa hiki: "Chora nyanya yako." Darasa zima likachora bibi zao, wengine na vilemba, wengine na mikongojo. Mtoto wetu, aliyekuwa na wiki mbili tu tangu atoke Tanga, akachora nyanya ya kachumbari.

Mama yake alituletea karatasi hiyo kwenye kikao cha Machi, akaanza kusimulia huku anacheka. Mzee mmoja wa kamati, mwalimu mstaafu, alishikilia kwamba aliyekosea ni mwalimu: angesema "mchore nyanya yako" mtoto angejua anaambiwa habari za mtu. Tukabishana sarufi robo saa nzima, mnatujua. Tulipomaliza yule mama alikuwa hacheki tena. Akasema tangu siku hiyo mtoto hafungui mdomo shuleni. Nyumbani anaongea mpaka analala, ila akifika getini anakuwa bubu.

Chama chetu kina katiba nzuri. Inajua la kufanya mtu akifiwa, akioa, akilazwa. Kuhusu familia inayoshuka kwenye basi asubuhi na mtoto ameshikwa mkono, haisemi kitu. Na mimi ni mwenyekiti wa mwaka wa tatu sasa, sikuwahi kuliona hilo pengo.

Nilipopendekeza tuwe na utaratibu wa kuzipokea familia zenye watoto wadogo, mjumbe mmoja alisimama akauliza, "Nairobi nayo imekuwa ughaibuni lini? Ughaibuni ni London huko, watu wanashinda na makoti." Hiyo ilikuwa Machi. Julai alikuja kikaoni na koti.

Lakini hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Kutoka Arusha mpaka hapa ni kama kilomita 270. Pale mpakani Namanga tangu 2018 kuna kituo cha pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika 1 Julai 2010. Hata soko tunalonunua vyondo, vile vikapu vya kusuka, linaitwa Kariokor, na Dar kuna Kariakoo, na majina yote mawili yametokana na Carrier Corps, wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sasa mtu wa Kariakoo akija Kariokor ni mgeni wa nani?

Aliyemjibu ni mama yetu mmoja mkubwa, aliyeolewa hapa zamani. Alikuwa Nairobi mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa. Mpaka unafunguliwa tena mwaka 1983, alikuwa ameshazaa watoto wawili ambao mama yake hajawatia machoni. Akasema, "Lakini mimi nilikuwa mtu mzima, nilijua ninachokikosa. Mtoto hajui. Anachojua ni kwamba maneno yake hayafanyi kazi."

Pendekezo likapita.

Nimelifikiria sana neno lake. Anayehamia Ujerumani anasoma lugha kwanza, anaulizia shule miezi kabla. Anayekuja Nairobi anafunga begi jioni, kwa sababu huku wanaongea Kiswahili. Na kweli wanaongea. Ila bibi ni mke, nyanya ndiye bibi, karanga ni njugu, khanga ni leso, na wali unaitwa mchele hata ukiwa umeshapakuliwa. Mkubwa anacheka, anazoea ndani ya wiki. Mtoto wa miaka minne hana lugha nyingine ya kukimbilia. Darasani ni Kiingereza, kwa sababu shule nyingi za binafsi hapa huanza nacho siku ya kwanza, wakati shule za msingi za serikali kwetu hufundisha kwa Kiswahili. Uwanjani ni Sheng, lugha ya mitaani ya vijana wa huku. Na kile Kiswahili alichodhani ni chake, nacho kinamgeuka.

Mnamo Mei tuliona kwamba jambo hili si la kuchekesha tu. Binti mmoja wa miaka minne alimwambia mwalimu wake, "Naumwa." Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akadhani ameng'atwa, akamuuliza ameumwa na nini. Akamvua soksi, akamkagua miguu akitafuta alama ya mdudu, asiione, akamrudisha kwenye kiti. Mama yake alipomfuata saa tisa alasiri, mtoto alikuwa na homa ya nyuzi 39. Shule siitaji, na wanaoijua naomba wanyamaze pia, kwa sababu yule mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani kwa wazazi, akakaa, akanywa chai, na ndiye aliyetushauri tuandike karatasi ya maneno tuzipe shule. Tumeiandika. Ni ukurasa mmoja, nakala ziko mezani karibu na mlango. Neno la kwanza ni "naumwa".

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kila familia mpya yenye mtoto wa chini ya miaka saba inapewa familia mwenyeji kwa miezi mitatu. Mwenyeji hatoi fedha. Anatembea nao njia ya shule mara moja asubuhi na mara moja jioni, anawaonyesha kliniki, anawapeleka kwa mama mboga wake, na mtoto wake anacheza na mtoto wao. Hilo la mwisho ndilo lenye kazi. Wale wenyeji waliofikisha chapati na kurudi zao hawakusaidia kitu, na nawaambia hapa mbele yenu kwa kuwa nami ni mmoja wao.

Tuliyojifunza kwa kuwasikiliza wageni ni mengi, nitaje yale mtakayowaambia ndugu zenu wanaojiandaa kuja. Kwetu mihula ni miwili na likizo ya katikati ni Juni, ndiyo maana wengi huona Juni ni wakati mzuri wa kuhama. Hapa mihula ni mitatu, na Juni muhula wa pili umeshanoga. Mtoto anaingia wakati wenzake wameshagawana viti na marafiki, tena katika miezi ya baridi kali kuliko yote. Jiji hili liko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mtoto wa Dar sweta aliliona kwenye picha. Mwajiri akikupa nafasi ya kuchagua, njoo Januari. Mtoto wa miaka minne ataingia PP1, yaani awali ya kwanza, wa mitano PP2, wa sita Gredi ya 1. Kadi ya kliniki isiachwe kabatini Dodoma: chanjo ya surua na rubela ni miezi 9 na 18 kule na huku, nesi anachotaka ni kuona imeandikwa. Vibali vya wategemezi vishughulikiwe mapema, na mkubwa anayekaa zaidi ya siku 90 lazima ajiandikishe kama mgeni. Kodi ya nyumba ndiyo habari njema. Hapa hulipi miezi sita kwa mkupuo, unalipa wa kwanza na dhamana, basi. Na ninyi mnaosema maharage ya Nairobi hayaivi, msiyasingizie. Kwenye mwinuko huu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95. Yaloweke usiku kucha.

Mwaka wenyewe haukuwa rahisi. Mvua za Aprili mnazikumbuka. Shule zilikuwa zifunguliwe mwisho wa mwezi, zikaahirishwa mara mbili hadi 13 Mei, na wazazi walio kazini hawakuwa na pa kuwaacha watoto. Nyumba moja South C ilikuwa na watoto sita sebuleni na magodoro mawili yamening'inizwa balkoni yakauke. Mwenye nyumba hiyo hataki nimtaje. Haya, simtaji, lakini yuko mstari wa mbele na anaangalia chini.

Kisha ikaja Julai. Tulikuwa tumepanga matembezi ya watoto siku ya tarehe 7, Jumapili. Tukawaambia ni Sabasaba, na watoto waliotoka Dar wakaruka kwa furaha, maana kwao Sabasaba ni maonyesho, ni bembea na barafu za rangi. Nairobi Sabasaba ni jambo jingine, ni mwaka 1990 na watu waliodai vyama vingi, na mwaka huu vijana walikuwa wakikusanyika Uhuru Park kuwakumbuka wenzao waliouawa kwenye maandamano ya Juni. Tuliahirisha. Mtoto mmoja alilia siku nzima akimwambia baba yake kwamba ni mwongo. Ningependa kusema tulipata maneno ya kumweleza, ila hatukuyapata. Alinunuliwa barafu.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi sasa tunawakutanisha watoto kwa saa mbili kwenye ukumbi wa kukodi South B. Hapa kuna ugomvi ambao haujaisha, na ni afadhali tuuzungumze kuliko kunong'onezana kwenye ngazi. Baadhi ya wazazi wanataka saa hizo mbili ziwe za Kiingereza, ili watoto wawafikie wenzao. Mimi napinga. Kiingereza watakipata, wanakaa nacho kutwa, siku tano. Wasichokipata popote ni mtu mzima asiye mzazi wao anayewaelewa mara ya kwanza wanapofungua mdomo. Yuko bibi mmoja Tanga aliyempigia simu mkwewe kumlaumu kwamba mjukuu amekosa adabu, anaitikia simu kwa "haai". Mtoto alikuwa ameacha shikamoo kwa sababu aliitoa kwa mlinzi wa jengo, mlinzi akacheka, akamjibu "poa". Hakuna aliyekosa adabu hapo, si mlinzi wala mtoto. Jumamosi tunampa watu ishirini wa kuwaamkia, wote wanaitikia marahaba.

Oktoba nilikaa pembeni nikawatazama wakicheza. Wetu walitaka rede. Watoto wa jirani, ambao huingia bila kualikwa na tunawapa uji, wakasema huo mchezo unaitwa kati na sheria si hizo. Wakazozana, mpira ukiwa umeshikwa kwapani. Yule wa nyanya, aliyemaliza muhula mzima bila neno, akasema, "Tucheze yenu kwanza, halafu yetu." Akaenda kusimama katikati.

Akina baba mnaokuja saa sita kuchukua watoto na kuondoka injini ikiwa inanguruma, nimewaona.

Mambo mawili ya fedha. Kodi ya ukumbi imelipwa hadi Desemba tu, mhazini ataeleza kilichobaki. Na tangu 1 Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya taifa, haipo tena, kazi yake imechukuliwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mlioajiriwa mnakatwa asilimia 2.75 ya mshahara, lakini kukatwa si kusajiliwa. Familia yetu moja ilifika hospitali na mtoto, ikakuta mtoto hajaingizwa kwenye jina la baba, ikalipa taslimu. Ingieni mhakikishe majina ya watoto yapo, leo kabla hamjalala.

Mwisho, kuna familia inatoka Morogoro, inaingia na basi la Jumamosi ijayo. Baba, mama, na mtoto wa miaka minne anayeogopa mbwa. Watakaa Buruburu. Bado sijapata mwenyeji wa upande huo, nahitaji nyumba yenye mtoto na isiyo na mbwa. Mwenye nafasi anifuate kwenye meza ya chai.