Majiko ya nje yanaliwa na mvua, si moto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, hasa mama lishe, baba lishe na wachoma mishikaki wa miji ya pwani, jambo ambalo sisi mafundi wa kuchomelea hulikuta kila mwaka masika yanapokwisha: majiko mengi tunayoletewa yameliwa na mvua, chumvi ya bahari na jivu lililoachwa ndani, wala moto hauna kosa.

Juni mwaka jana mama lishe mmoja wa hapa Tanga aliniletea jiko la mkaa la bati nene ambalo lilikuwa halijatimiza mwaka. Nilipoligeuza, kitako chote kilibaki mkononi mwangu. Jivu lilikuwa limeganda kama saruji, na bati chini yake limekuwa jembamba kama ganda la kitunguu. Jivu la mkaa lina chumvichumvi zake, nalo likilowa hushika unyevu kutwa na kuila bati kwa ndani, mahali ambapo mwenye jiko haoni. Mama yule hakuwa mzembe, kwani kila jioni alilifunika jiko lake kwa nailoni na kulifunga kamba. Nailoni hiyo ndiyo iliyomponza, kwa sababu maji yaliyokwisha kuingia hayakupata pa kutokea.

Kinachofaa ni paa dogo la bati lililo wazi pembeni ili hewa ipite, na jiko liinuliwe juu ya matofali mawili. Jivu litolewe kila siku likishapoa, na jiko litakalokaa bila kutumika lipakwe mafuta kidogo ya kupikia. Lile la udongo likilowa lianikwe kwanza, kisha liwashwe kwa moto mdogo, maana udongo hunywa maji, na maji hayo yakigeuka mvuke kwa ghafla huupasua.

Mtungi wa gesi ndio unaonitia hofu zaidi. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini mitungi mingi ya kilo 6 ninayoiona vibandani hukaa kwenye sakafu yenye maji, na ukiuinua mmoja unaona duara jekundu la kutu limebaki kwenye saruji. Mara mbili nimeletewa mtungi nichomelee kitako kilichooza. Nilikataa, na nawasihi mafundi wenzangu wakatae, kwa sababu hata mtungi unaoitwa mtupu bado una gesi. Mtungi wa namna hiyo hurudishwa kwa wakala, ingawa wakala mmoja alimfukuza mteja wangu akimwambia kutu ni rangi tu, jambo lililonisikitisha sana. Mpira wa gesi nao hukauka kwa jua; ukiukunja ukaona nyufa, nunua mwingine siku hiyohiyo, na viungio vyake uvipime kwa povu la sabuni.

Wala mvua isitufanye tuingize vyombo hivi chumbani tunamolala. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni ikingoja cheche, na jiko lenye makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayomuua mtu akiwa usingizini.

Ombi langu kwa halmashauri za miji ya pwani ni dogo. Katika vibanda vya mama lishe nilivyoviona, paa huishia juu ya benchi la wateja, huku mpishi na jiko lake wakibaki nyuma mvuani. Paa hilo likirefushwa hatua mbili kabla vuli haijaanza Oktoba, jiko litapata kivuli chake na mtungi utakaa mahali pakavu.

Fundi wa kuchomelea,
Tanga